Pesa ya kungojea ku Bukama

Familia mingi za wafanyakazi wa mine, wakae Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, wanajua Bukama kwa sababu moja: pale njo treni na barabara vinakuachia mto. Unashuka na watoto, unga, sabuni, chumvi, sufuria mupya ya bibi. Kiisha unauliza swali ambalo kila mutu anauliza: "Baleniere inatoka lini?" Jibu iko moja tangu zamani: "Kesho."

Mutu wa mine anazoea saa. Posti ya asubuhi iko na saa yake, posti ya usiku iko na saa yake, na ukichelewa wanaandika jina yako. Ku mto hakuna kitabu cha kuandika waliochelewa, juu bwato yenyewe njo inachelewa. Kwa hiyo watu wengi wanarudia konje na malalamiko mingi kuliko samaki. Lakini mwaka unaofuata, ni walewale wanafunga mizigo tena. Lazima kuna kitu kitamu kule. Kuna pia uchungu wa namna mbili: ule wa mto, na ule wa watu. Ule wa kwanza tuvumilie. Ule wa pili, hapana.

Mto ni uleule

Lualaba si mto wa mbali na kazi yetu. Kule juu, upande wa Kolwezi, unapita mu mabonde membamba yenye mawe, na pale tangu miaka ya 1950 maji yake yanazungusha mashini za Nzilo na Nseke zinazotoa umeme kwa mine. Ukifika Bukama, mto unakuwa mupana na mupole. Kuanzia pale paka Kongolo, kilometa zaidi ya 600, hakuna maporomoko ya kuzuia bwato. Kiisha Kongolo kunakuja yale mawe ambayo Wazungu waliita Portes d'Enfer, Milango ya Jehanamu, na safari ya maji inakatika.

Njo maana Bukama ilikuwa jina kubwa. Treni kutoka Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, ilifika pale mwaka 1918. Mbele ya njia ya reli ya Ilebo kumalizika mwaka 1928, mutu aliyetaka kwenda baharini bila kutoka mu Kongo alikuwa na safari ya kuhesabu na vidole: treni paka Bukama, mashua paka Kongolo, treni paka Kindu, mashua paka Ubundu, treni paka Kisangani, mashua paka Kinshasa, kiisha treni tena paka Matadi. Mara saba! Leo tukilalamika juu ya kushusha mizigo mara mbili, tukumbuke ba tata.

Na mbele ya treni na mashua, shaba ilikuwa imekwisha kujua njia ya kule. Ku Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wataalamu walichimbua mwaka 1957 na 1958 makaburi ya watu walioishi pale miaka karibu elfu moja iliyopita. Walikuta vyungu vizuri sana, vyuma, mapambo ya shaba, na misalaba midogo ya shaba ambayo watu walitumia kama pesa. Shaba haichimbwi ku Kisale. Ilitoka huku kusini, mu inchi yetu ya shaba. Kumbe mutu wa shaba na mutu wa mto wanatembeleana tangu zamani.

Utamu wake

Utamu unaanza bado uko ku porti. Wakati wa kungojea, mama mumoja anakuletea bukari moto na samaki ya leo asubuhi, si ile ya friji inayokaa miezi. Mutoto wa mujini aliyezoea kuona samaki mu sanduku ya barafu anashangaa: kumbe iko na rangi!

Kiisha bwato inatoka. Kama ni asubuhi mapema, maji iko laini kama mafuta, moshi ya maji inapanda polepole, na motere inapiga mulio wake mumoja paka masikio inazoea. Ndege weupe wanasimama juu ya matete. Hapa na pale unaona kichwa ya kiboko, na kapiteni anapita mbali naye bila kusema kitu. Watu wanaanza kuulizana: "Weye wa wapi? Mwana wa nani?" Mbele jua ifike katikati, umekwisha kupata shemeji, ao mutu aliyesoma na kaka yako, ao mutu anayedai baba yako pesa.

Kila kijiji, mitumbwi inakuja mbio. Mwenye mutumbwi anashika kando ya baleniere na mukono moja, na mukono ingine anainua samaki ya kukaushwa, ndizi, kuku. Bei inasemwa upesi, juu bwato haisimame. Mama wanaojua wanakuwa na pesa ya kutosha mukononi mbele ya kuita. Anayefungua kitambaa chake wakati mutumbwi umekwisha kuachia, anabaki na njaa yake na aibu kidogo.

Halafu kuna ile furaha ambayo hakuna mutu anayeisema: mu bwato, baba wa mine hana mukubwa. Hakuna anayemuita. Hakuna vumbi. Siku mbili, tatu, anakaa na watoto wake kuanzia asubuhi paka usiku, kitu ambacho mujini hakipatikane hata siku ya mungu.

Uchungu wa mto

Sasa tuseme uchungu. Vakansi kubwa ya masomo inaanguka wakati wa kiangazi, na kiangazi njo maji inapungua. Familia zinasafiri mingi wakati uleule mto unakuwa mubaya. Mchanga unapanda chini ya maji, na mahali pa kupita panabadilika mwaka kwa mwaka. Kwa hiyo mbele ya baleniere anasimama kijana na mti mrefu, anapima: anadumbukiza, anainua, anaonyesha na mukono kapiteni aende upande gani. Siku akikosa, bwato inapanda juu ya mchanga na kukaa. Wanaume wanashuka mu maji kusukuma. Papa aliyevaa suruali ya kupasi kwa kuonekana vizuri kijijini, anaikunja paka magotini kama wengine.

Wakati wa mvua, taabu iko ingine: matete ya papirusi. Mizizi yake inafumana kama mukeka munene. Maji ikipanda, kipande kinakatika na kuanza kutembea, kisiwa kizima chenye majani na ndege juu yake. Upande wa Ziwa Kisale, ambamo Lualaba unapita, visiwa vile vinaweza kufunga njia. Mutu anaona njia ya jana, leo iko ukuta wa kijani. Itabidi kukata na panga, kusukuma na miti, ao kutafuta mufereji mwingine. Majani ikijizungusha mu helisi ya motere, wanazima, kijana anaingia mu maji na kisu. Na kila mutu anaangalia maji, juu kila mutu anajua kwamba mamba pia wanakaa mule.

Ongeza imbu kuanzia saa kumi na mbili ya mangaribi. Ongeza mvua inayopita chini ya shitingi na kuingia mu unga. Ongeza mbuzi ya jirani iliyoamua kwamba mukeka wako ni wake. Ongeza swali la choo, ambalo mama wanalijua kuliko ba papa.

Yote hii ni uchungu wa mto. Haina mwenye kosa. Unakasirika, unacheka, unafika. Kijijini, hii njo hadisi unayosimulia.

Uchungu wa watu

Lakini kuna mambo ambayo hayatoke ku maji. Ya kwanza ni kupakia kupita kiasi. Mwenye bwato anahesabu esanse yake: inaungua ileile, awe na watu makumi tano ao mia moja. Kila gunia ya juu ni faida kavu. Kwa hiyo wanaongeza mahindi, wanaongeza samaki, wanaongeza watu juu ya magunia. Mutu akiuliza, wanamujibu: "Iko na nafasi, papa, panda tu."

Angalia kando ya bwato pale inapokutana na maji. Kama kati ya maji na mbao hapaenei mukono wako pamoja na sehemu ya mbele ya mukono paka kiwiko, wimbi kidogo tu litaingia. Na uzito ukiwa juu, bwato inapoteza musimamo wake. Inatosha watu wasimame pamoja upande moja kutazama kiboko, ao kukimbia mvua, na inageuka. Haina haja ya dhoruba.

Ya pili ni kusafiri usiku. Wanafanya vile kwa kulipa saa zilizopotea ku porti, na kwa kupita bariere wakati wenye kulipisha wanalala. Lakini usiku kijana wa mti haoni mchanga, haoni gogo, haoni kisiwa cha matete kinachokuja. Serikali imekataza mara mingi, na kila mara baleniere zinatoka tena usiku.

Ya tatu ni moto. Mwezi wa ine wa mwaka 2025, karibu na Mbandaka, bwato kubwa ya mbao iliwaka moto na watu wengi walikufa. Habari zilisema moto ulianza pale mutu alikuwa anapika ndani yake. Makala na esanse haviwezi kukaa nyumba moja. Na kuhusu jile za kuelea: kiisha bwato kuzama mu Ziwa Kivu mwezi wa ine 2019, Rais Tshisekedi aliamuru kila abiria avae jile. Amri iko. Jile njo tunatafuta.

Mutu wa mine anajua hesabu hii

Hapa ninasema na ba papa wa mine. Weye unajua kaji inayoshusha watu chini. Iko na hesabu ya watu, na hesabu ikifika, mulango unafungwa. Hata mukubwa akikimbia, anangojea kaji ingine. Hauwezi kushuka bila kofia na botte. Ukiona mutu anawasha kibiriti karibu na baruti, unapiga kelele ama unakimbia. Haya yote umeyajua, ingine kwa machozi.

Sasa, namna gani mutu yule yule anapandisha muke wake na watoto watano mu bwato ambayo imekwisha kujaa tangu jana?

Si upumbavu. Ukisikiliza vizuri watu ku porti, utajua sababu. Mama alitoka mujini na pesa ya treni, pesa ya bwato, na kidogo ya njia. Hakuna aliyehesabu siku za kungojea. Siku ya kwanza wanakula. Siku ya pili wanakula chakula ya safari. Siku ya tatu mutoto analia, na mama anaanza kufungua ile unga ya bibi. Bwato ingine inakuja, imejaa, inatoka mangaribi. Mama anaona wazi kwamba imejaa. Anapanda. Hakuchagua hatari: pesa yake njo imekwisha.

Kwa hiyo usalama wa familia yako unaanza mujini, siku ya mushahara. Weka pesa ya kungojea mbali na pesa ya njia: chakula na malazi ya siku tatu ku Bukama, mu kitambaa kingine, isiguswe. Kama bwato ilitoka siku ileile, pesa ile inanunua samaki ya kurudi nayo. Kama haikutoka, inampa mama nguvu ya kusema neno moja ambalo masikini hawezi kusema: "Tutangojea ingine."

Neno lile linasemwa ku porti tu. Katikati ya mto, kama bwato imekwisha kutoka na maji inalamba mbao, abiria hana sauti tena. Mbele ya kulipa, mama aangalie mukono wake kati ya maji na mbao. Aulize saa ya kutoka, na mahali watalala. Aulize bidoni za esanse ziko wapi, na akae mbali nazo. Watoto wakae chini, katikati, si juu ya magunia. Na sisi abiria tusifiche gunia letu la tano chini ya shitingi, kiisha tumulaumu mwenye bwato. Mto haujue gunia ya nani.

Ba mama wanaouza samaki kati ya mto na miji yetu wanafanya safari hii mara mingi kwa mwaka. Waangalie siku moja ku porti. Wanakaa juu ya mizigo yao, wanapika, wanasuka nywele, wanaacha bwato ya kwanza ipite, na ya pili. Mutu asiyejua atasema hawana haraka. Wako nayo kama sisi wote, lakini walihesabu siku za kungojea ndani ya bei ya samaki.