Nyangumi na Kasuku Mdogo: Kila Mmoja na Mwito wa Kikosi Chake

Askari wa zamu anapomsimamisha mtu usiku hawezi kutegemea sare, kwa kuwa gizani haionekani. Hungoja sauti na jibu. Wako viumbe wawili, mmoja wa bahari kuu na mwingine wa nyika kavu za Australia, ambao huwatambua wenzao kwa njia iyo hiyo, nasi tumeona yafaa kuwalinganisha.

Wa kwanza ni nyangumi mwenye meno na kichwa kikubwa, yule aliyewindwa kwa ajili ya mafuta yaliyomo kichwani mwake. Dume hufikia urefu wa mita 16 na uzito wa tani zipatazo 45. Wa pili ni bajerigari, kasuku wa sentimita 18 na gramu 30 hadi 40. Kwenye mizani, dume mmoja wa nyangumi ni sawa na kasuku hao zaidi ya milioni moja.

Nyangumi majike na watoto wao huishi katika vikundi vya kumi hivi. Huitana kwa milio mifupi yenye mpangilio, mfano wa mtu abishaye hodi. Mwaka 2003 wataalamu Luke Rendell na Hal Whitehead walionyesha kwamba nyangumi hao katika Bahari ya Pasifiki wamegawanyika katika koo, kila ukoo na mpangilio wake. Koo mbili huweza kutumia maji yale yale zisichanganyike. Mtoto huupata mpangilio huo kwa kuwasikiliza wakubwa wake.

Bajerigari naye hujifunza, ila ni mwepesi zaidi. Akitiwa katika kundi jipya, baada ya wiki chache mwito wake huwa umefanana na wa wenzake. Dume akipata mke, huuiga mwito wa mkewe. Wasomaji wenye ndoa watalijadili hilo wenyewe. Ubongo wa nyangumi una kilo zipatazo 8, mkubwa kuliko wa mnyama yeyote duniani, lakini ni bajerigari mmoja wa California, jina lake Puck, aliyekufa mwaka 1994 akiwa na rekodi ya kujua maneno 1,728 ya Kiingereza.

Askari wa usalama barabarani nao wana lao. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland walieleza jinsi walivyowarusha bajerigari wawili wawili wakielekeana katika njia nyembamba. Hakuna waliogongana: karibu kila mara kila mmoja alipinda kuliani kwake. Hapa Uganda tunapita kushoto, lakini kanuni ni ile ile.

Jambo lililotugusa zaidi, hata hivyo, ni la vita. Nyangumi hawa wakishambuliwa na nyangumi wauaji huunda duara, watoto wakiwa katikati. Mbinu hiyo huwafaa dhidi ya meno. Lakini katika karne ya 19 wakaja watu wenye chusa, na kundi lililokusanyika mahali pamoja likawa shabaha rahisi. Uchunguzi wa kumbukumbu za merikebu za tanga katika Pasifiki ya Kaskazini, uliotolewa mwaka 2021, uligundua kwamba katika miaka michache tu tangu uwindaji uanze katika eneo, mafanikio ya wawindaji yalishuka kwa asilimia 58 hivi. Nyangumi hawakuwa wamepata muda wa kuzaa kizazi kingine. Wataalamu wanaona kwamba waliokwisha kukutana na chusa waliwaonya wenzao, nao wakaliacha duara na kukimbilia upande utokako upepo, ambako merikebu ya tanga huwafuata kwa taabu.

Baadaye zilikuja meli za injini na mizinga ya kurushia chusa, zisizojali upepo unatoka wapi. Uwindaji wa kibiashara uliendelea hadi Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipousimamisha kuanzia mwaka 1986.