Jinsi neno ‘madoadoa’ linavyoshawishi bila kuamuru

NENO ‘doa’ si tusi. Katika Kiswahili cha kila siku ni alama tu ya uchafu kwenye nguo, au waa katika ngozi. Hata hivyo, wakazi wa Keringet, Olenguruone na Molo katika Kaunti ya Nakuru wanafahamu kuwa neno hilo likitamkwa jukwaani kwa umbo la ‘madoadoa’, baadhi ya majirani huanza kufunga virago.

Jinsi neno la kawaida linavyopata nguvu kiasi hicho ni suala la balagha, yaani taaluma ya usemi wenye kushawishi.

Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, aliyeishi kati ya mwaka wa 384 na 322 Kabla ya Kristo, alieleza kuwa msemaji hushawishi kwa njia tatu: sifa zake mwenyewe machoni pa hadhira, hisia anazoziamsha, na hoja anazozitoa. Aidha, alitambua kuwa hoja ya jukwaani aghalabu huachwa bila kukamilishwa. Lile ambalo hadhira inalijua tayari halitajwi. Msikilizaji hulijaza mwenyewe.

Mfano wake ulikuwa wa mwanamichezo. Inatosha kusema kuwa mtu fulani alishinda katika Olimpiki. Hakuna haja ya kuongeza kuwa alivikwa taji, kwani kila mtu anajua. Keringet, nyumbani kwa Faith Kipyegon, bingwa wa Olimpiki wa mbio za mita 1,500 katika michezo ya Rio, Tokyo na Paris, mfano huo hauhitaji ufafanuzi.

‘Madoadoa’ hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Msemaji hataji kabila, wala hamwagizi mtu yeyote kuchoma nyumba. Husema tu kuwa madoadoa yaondolewe. Ni nani madoa hayo? Wasikilizaji hujijibu kimoyomoyo: ni wale waliotoka kwingine. Doa hufanywaje? Hufutwa. Kwa kuwa msikilizaji amelifikia hitimisho hilo mwenyewe, hulishika kama wazo lake. Msemaji naye hubaki na nafasi ya kukana kuwa alisema hivyo.

Madhara yake si ya kinadharia. Ghasia za mwaka wa 1992 ziliyakumba maeneo ya Molo na Olenguruone, na Tume ya Akiwumi, iliyoundwa mwaka wa 1998, ilizichunguza. Kuresoi na Molo ziliathirika tena kabla na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Waki iliripoti kuwa watu 1,133 waliuawa kote nchini katika ghasia zilizofuata uchaguzi huo.

Nchini Rwanda, mwaka wa 1994, Watutsi waliitwa ‘mende’ redioni. Mwaka wa 2003, mahakama ya kimataifa mjini Arusha iliwapata na hatia watu watatu waliohusika na redio na gazeti la uchochezi.

Sheria ya Uwiano na Utangamano ya mwaka wa 2008 iliharamisha matamshi ya chuki nchini Kenya. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh1 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kadhalika, Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinasema uhuru wa kujieleza haujumuishi uchochezi wa ghasia. Januari 2022, seneta mmoja alikamatwa baada ya kulitamka neno ‘madoadoa’ mjini Eldoret. Aprili mwaka huo, tume ya NCIC ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki.

Orodha hiyo ina manufaa, lakini ina mpaka wake. Nguvu ya sitiari haimo katika silabi zake, bali katika lile linaloachwa bila kusemwa. Neno moja likipigwa marufuku, magugu, kunguni au takataka huweza kushika nafasi yake.

Kinga iliyo karibu zaidi na mwananchi ni kumlazimisha msemaji amalize hoja yake. Anayezungumzia madoa aulizwe hadharani: ni nani hao, wamekosa nini, na waondolewe kwa njia gani? Akijibu waziwazi, ushahidi umepatikana. Akikwepa, hadhira imeona kuwa hana hoja. Ulimi hauna mfupa, lakini sikio linaloachiwa kazi ya kukamilisha maneno ya mwingine linaweza pia kukataa.