Mlezi na Amana ya Kazi

Fundi wa majahazi wa pwani yetu, apokeapo kijana mgeni wa kazi, hamhutubii. Humpa keekee aivute, humwacha aujenge mkono wake kwa nguvu na ustahimilivu miezi mingi, kisha siku moja humwachia ubavu mzima wa chombo autie kalafati peke yake, naye huketi kivulini, jicho lake halibanduki katika mshono wa mbao, na kinywa chake kimya. Saa ile kijana hutambua kwamba pamba akiishindilia vibaya maji yataingia, na watu watakuwamo.

Katika vyuo vyetu vikuu, ambamo vijana hutazamiwa kesho kushika dhamana ya idara, hospitali na mahakama, jambo hili limekuwa adimu. Kijana hukaa miaka mitatu au minne akisikiliza mihadhara, hupelekwa ofisini kwa wiki chache za mafunzo kwa vitendo, na huko aghalabu hutumwa kurudufu karatasi na kupanga mafaili, mpaka muda ukamalizika na daftari lake likapigwa muhuri. Elimu hakuikosa, alichokikosa ni mlezi, yaani mtu aliyemtangulia katika kazi, asiye mzazi wake wala msahihishaji wa mitihani yake, ambaye yu radhi kumwekea amana ya kazi iliyo ya kweli.

Mtaalamu wa Marekani, Kathy Kram, aliyechapisha mwaka 1983 uchunguzi wake juu ya jozi 18 za wakubwa na vijana wao katika kampuni moja kubwa, alieleza kwamba ulezi wa namna hii una pande mbili: upande wa kazi, ambao kwao mkubwa humfungulia kijana milango, humwelekeza, humkinga na kumpa kazi ngumu, na upande wa nafsi, ambao humpa kielelezo, imani na urafiki. Akaeleza vilevile kwamba uhusiano huo hupita vipindi vinne: kuanza, kustawi, kutengana, na kuundwa upya, wawili hao wakiwa sasa karibu sawa na wenzi. Kwa rai yangu kipindi cha tatu ndicho wasichokistahimili walezi wetu wengi, kwani mkubwa aliyezoea kuombwa nasaha huona kutengana ni utovu wa shukrani, ilhali ndiyo ishara kwamba malezi yamekomaa.

Mfano mwema tunao hapa hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1969 wanafunzi walianzisha jarida la Cheche, na wahariri walikuwa wao wenyewe, akina Karim Hirji, Zakia Meghji na Henry Mapolu. Walter Rodney, mhadhiri wa historia aliyekuwa karibu nao mno, aliandika humo makala, lakini kiti cha uhariri aliwaachia vijana. Jarida lilipigwa marufuku mwaka 1970. Maarifa ya kuchagua makala na kubishana kwa hoja yalibaki kwao.

Nami niliwahi kukosea katika jambo hili la kumwachia kijana kazi. Mwanafunzi mmoja niliyemlea aliniletea muhtasari wa kikao alioukeshea usiku kucha: kurasa sita, kila aliyesema katajwa, maazimio hayaonekani. Kwa haraka nilichukua kalamu nikauandika upya mimi, naye kasimama mbele ya meza akinitazama. Alinishukuru kwa adabu, na muhtasari wa pili ukaja vilevile kama wa kwanza, maana sikuwa nimemfundisha kitu, nilimwonyesha tu kwamba mimi najua. Mara ya tatu niliiweka kalamu chini, nikamwuliza, "Mwanangu, mtu ambaye hakuhudhuria kikao hiki, akitaka kujua kesho afanye nini, ataona wapi?" Akanyamaza kitambo, kisha akaanza kufuta mwenyewe.

Katika kikao kilichofuata nilimwomba mwenyekiti amruhusu yeye asome maazimio. Mjumbe mmoja mzee akamwuliza fedha za azimio la tatu zitatoka fungu gani. Binti yule akanigeukia, nami, ingawa jibu lilikuwa ulimini, nikainamisha macho katika karatasi zangu. Akafunua kurasa mbili, akalipata fungu, akalisoma kwa sauti iliyosikika mpaka viti vya nyuma.