Kifungo au Mshikizo? Istilahi Moja ya Maji

Molekuli ya maji ina atomi moja ya oksijeni na mbili za hidrojeni, zilizopangika kwa pembe ya digrii 104.5 hivi. Oksijeni huzivutia elektroni kwake. Basi upande wake huwa na chaji hasi kidogo, na pande za hidrojeni chaji chanya kidogo. Kwa hiyo hidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani. Mvuto huo ukiitwa "kifungo cha hidrojeni", istilahi inapotosha. Kilichofungwa hutarajiwa kisifunguke chenyewe, ilhali katika maji mivuto hii hukatika na kuungika upya katika sehemu ndogo mno ya sekunde. Fundi cherehani hushikiza nguo kabla ya kuishona; "mshikizo" lingekuwa jina la haki zaidi.

Udhaifu huo una kazi. Nyuzi mbili za DNA zimeshikizana hivyo: mishikizo miwili kati ya adenini na thimini, mitatu kati ya guanini na sitosini. Seli huzitenganisha ili zinakiliwe, bila kuvunja vifungo imara vilivyomo ndani ya kila uzi. Mwanafunzi aliyepewa neno moja kwa yote mawili, tena huyo ni wa kawaida madarasani, hudhani maji yakichemka hugawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni. Kumbe kinachoachia ni mishikizo tu. Mvuke ni molekuli zilezile za maji.