Je, Wajua? Kiini cha Simu Kinajua Kuficha Siri

Simu janja ya Android iliyo mfukoni mwa abiria anayesubiri boti ya kwenda Mafia pale Nyamisati, wilayani Kibiti, hubeba hesabu za usimbaji fiche ambazo mwenye simu hajawahi kuziomba. Android imejengwa juu ya Linux, kiini cha mfumo endeshi alichoanza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini ndicho kinachosimamia kumbukumbu, redio na faili, na programu nyingine zote hupitia kwake zinapotaka kugusa kifaa. Mwaka 2002 kiliongezewa maktaba yake ya hesabu za usiri, hasa kwa ajili ya kulinda mawasiliano ya mtandao, na kwa miaka kadhaa maktaba hiyo ilibaki ya matumizi ya ndani. Mwaka 2011, toleo la 2.6.38 lilikuja na njia iitwayo AF_ALG, nayo programu ya kawaida ikaruhusiwa kubisha hodi. Hufungua soketi inayofanana na ya mtandao, hutaja hesabu inayoitaka, tuseme AES, hukabidhi ufunguo, hupeleka data, kisha husoma matokeo yaliyosimbwa.

Je, ilikuwa busara kuufungua mlango huo? Kwa simu, naona haikuhitajika. Kila programu inapoingia kwenye kiini na kutoka, prosesa hubadili hali ya kazi, na mabadiliko hayo hula muda. Ujumbe ukiwa mfupi, safari huweza kuchukua muda mrefu kuliko hesabu yenyewe. Isitoshe, prosesa za Intel zilianza kupewa amri za AES mwaka 2010, na ARM nyingi za biti 64 zinazo pia. Amri hizo programu yoyote huzitumia papo hapo bila kuomba ruhusa ya mtu. Lililo zito zaidi ni hatari. Mwaka 2019 iligunduliwa kasoro katika AF_ALG, iliyosajiliwa kama CVE-2019-8912, ambapo kiini kiliweza kuendelea kutumia sehemu ya kumbukumbu kiliyokwisha kuiachia. Kasoro ndani ya programu moja kwa kawaida huishia kwa programu hiyo, lakini iliyo ndani ya kiini inaweza kumpa mshambuliaji simu nzima. Ndiyo maana Android huzizuia programu tunazopakua zisifungue soketi ya aina hii.

Atatokea wa kusema kwamba tukiufunga mlango, kila mwandishi wa programu atajitungia usimbaji wake, na wengi watakosea. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake ipo tayari: maktaba kama OpenSSL, na BoringSSL ambayo Android yenyewe huitumia, hufanya kazi hiyo nje ya kiini. Hoja nzito zaidi ni ya vifaa vidogo, kama vile ruta, ambavyo baadhi huwa na kifaa maalumu cha kusimba kilichotengwa na prosesa. Programu haiwezi kukigusa isipopitia kwenye kiini, na data ikiwa nyingi, gharama ya safari hufidiwa. Tena ipo programu ya kuunganisha Wi-Fi, iwd, iliyochagua kutegemea hesabu za kiini ili isibebe maktaba nyingine. Hapo nakubali mlango una kazi, mradi anayetengeneza kifaa aufungue kwa sababu anayoweza kuitaja.

Faida kubwa ya usimbaji wa kiini kwa watu wa delta ya Rufiji, iliko Nyamisati, imekuja kwa njia nyingine kabisa. Huku kwenye mikoko na vijito, watu husafiri kwa boti na mitumbwi, na simu ikidondoka au kuibwa si rahisi kuirudia. Simu za bei nafuu zilikuwa zikisamehewa kusimba hifadhi yake kwa sababu prosesa zake hazina amri za AES, hivyo zingekuwa nzito mno. Mwaka 2019 Google ilitoa Adiantum, njia ya kusimba ambayo kwenye prosesa ya Cortex-A7 ina kasi ya takribani mara 5 ya AES iliyozoeleka kwa hifadhi, nayo ikaingizwa ndani ya Linux. Kuanzia Android 10, kila simu mpya inayotoka na mfumo huo hutakiwa kusimba hifadhi yake, hata ile ya bei ya chini. Kiini hufanya kazi hiyo kimyakimya kila faili linapoandikwa, bila programu yoyote kubisha hodi.

Kwa hiyo ukinunua simu janja ya bei nafuu, usihangaike na AF_ALG. Uliza imetoka kiwandani na Android ya ngapi, na kama ni ya 10 au zaidi, weka namba ya siri ya kufungulia skrini siku hiyohiyo, kwa sababu bila namba hiyo yeyote atakayeiokota ataiwasha na kusoma kila kilichomo.