Ulaya yauliza kahawa imetoka shamba gani

Mkulima wa Mwamgongo, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, akiuza mawese yake sokoni Kigoma, sheria za Ulaya hazimgusi. Zinamgusa jirani yake wa milima ya Kalinzi, ambaye kahawa yake husafiri nje.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inakataa kahawa, mawese, kakao na mbao kutoka ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Mwagizaji lazima aoneshe shamba lilipo. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, nukta moja ya ramani inatosha, na simu yenye GPS huipata. Likizidi, mipaka yote ipimwe.

Utekelezaji uliahirishwa mwaka 2024, kisha 2025, hadi 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa. Wengine wamepumua. Mapema mno! Magunia yasiyojulikana shamba yakichanganywa ghalani na ya wenzako, shehena nzima yaweza kukosa soko Ulaya.

Vijiji jirani na Gombe vilishachora mipango ya matumizi ya ardhi, ila ramani ya kijiji si ya shamba. Muulize katibu wa chama chako cha msingi: nani atapima, na gharama itakatwa kwenye malipo ya nani?