Akirudia Pombe Baada ya Kuacha



Nilijua kabla hajaingia ndani. Mlango wetu wa uani unafungwa kwa kamba, na mtu mwenye akili zake huifungua kwa mkono mmoja. Usiku ule nilisikia kamba inavutwa, inaachwa, inavutwa tena. Nikahesabu kichwani: miezi 14 tangu Baba Watoto aache lutuku. Nikalala macho wazi mpaka jogoo akawika.

Wengi wenu mnanijua, maana ni mimi ninayesoma hesabu za akiba katika kikundi chetu. Mnakumbuka mwaka jana nilivyosimama mbele yenu na kusema nyumba yangu imepona. Mlipiga vigelegele, mmoja akaniletea kitenge. Basi aliporudia, kitu cha kwanza nilichoogopa ni ninyi. Majuma mawili nilikuja mkutanoni nikiwa nimejipaka mafuta vizuri, nikacheka, nikarudi nyumbani kulia. Kama kuna mama anayesoma hapa na kufanya hivyo sasa, nimeandika haya kwa ajili yake.

Sisi wa kando ya Tanganyika tunajua kalenda ya pombe bila kuangalia ukutani. Wakati wa giza wanaume wako ziwani na taa zao, ndagala wanakuja kwenye mwanga, nasi asubuhi tunaanika mchangani. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi. Mitumbwi inavutwa pwani, nyavu zinashonwa, migao inalipwa. Mwanaume ana franga mfukoni, hana kazi ya usiku, na wenzake wamekaa chini ya mwembe. Baba Watoto aliacha wakati wa giza, na akaanguka wakati wa mbalamwezi. Ningekuwa na akili ningetazama juu mapema.

Nilifanya makosa yote. Nilimwaga bidoni lake mbele ya watoto. Nilimfuata kwenye nyumba ya pombe, nikamtukana watu wakisikia, na siku ya pili alirudi huko huko ili wasiseme anatawaliwa na mwanamke. Nilipekua mifuko yake. Alipolewa nilimpigia hotuba ndefu usiku wa manane. Asubuhi hakukumbuka hata neno moja, na mimi ndiye niliyeamka na kichwa kinauma.

Aliyenisaidia ni muuguzi mmoja ambaye nilikwenda kwake kwa malaria ya mtoto. Aliona macho yangu, akaniuliza. Akaniambia kwamba mtu aliyezoea pombe kwa miaka mingi akiacha, kurudia mara moja au mara kadhaa ni jambo la kawaida, na ile miezi 14 haijafutwa. Nguruwe wa pori akiingia shambani usiku, alisema, huling'oi shamba lote la muhogo, unaangalia alipopitia. Nilikasirika kidogo, kwa sababu si yeye aliyekaa macho. Lakini neno hilo lilinikaa.

Jambo lingine alilosema ninataka kila mama alijue. Mwanaume anayekunywa sana kila siku, asubuhi mpaka jioni, msimfungie chumbani ili aache kwa nguvu. Mwili wake umezoea. Katika siku mbili tatu za kwanza anaweza kutetemeka, kutoa jasho, kuona vitu ambavyo havipo, hata kupata kifafa, na wengine hufa. Huyo apelekwe lopitali aache chini ya uangalizi. Na ile dawa inayomfanya mtu augue akinywa pombe, inaitwa disulfiramu, usimtilie kwenye sombe kwa siri. Anatakiwa aijue, aikubali, apimwe kwanza. Ukimficha na yeye akanywa chupa nzima, unaweza kumzika. Bukavu kuna kituo cha SOSAME cha magonjwa ya akili, lakini kutoka Baraka njia ni ndefu na si kila wakati iko wazi. Kwa wengi wetu mwanzo ni muuguzi wa karibu.

Siku ya nne baada ya hapo nilizungumza naye. Nilichagua saa. Ilikuwa asubuhi, hajanywa, amekula bukari, watoto wako masomo. Sikumwambia aache pombe. Hilo nilishalisema miaka tisa, na koo langu limechoka. Nilimwambia mimi nitafanya nini.

Nilisema: sitakudanganyia watu. Mwenye mtumbwi akija kukuuliza, sitasema una homa. Ukirudi umelewa, utalala katika nyumba ya jiko; mkeka na blanketi viko pale, maji yako pale, na mlango wa watoto utafungwa. Hakuna mtoto wangu atakayetumwa na chupa, wala kwenda kukuokota njiani. Na kuhusu mgao, ninaomba sisi wawili tuende kwa mwenye mtumbwi ukiwa mzima, umwambie mwenyewe kwamba nusu apewe mama. Kwa hilo la mwisho alinyamaza sana. Nilidhani atasimama aondoke. Kisha akasema, "Twende leo, kesho nitakataa." Tukaenda. Wamama, sijawahi kumheshimu kama siku ile.

Lakini nisimame hapa kidogo. Baba Watoto akilewa huanguka na kuimba. Hapigi. Mama ambaye mume wake hupiga asinifuate katika haya ya kukaa naye na kumwekea masharti uso kwa uso, kwa maana masharti yanaweza kumletea ngumi. Huyo kwanza atafute mahali pa kulala yeye na watoto, kwa kaka yake, kwa mama wa kikundi, halafu wazee na sheria wafuate. Ukipigwa nenda lopitali upate karatasi, hata kama bado hujaamua kushtaki. Usiniambie "ni pombe iliyompiga". Chini ya mwembe ule ule anakunywa na wanaume wenye nguvu, na hao hawapigi.

Mama mkwe alikuja. Alisema mwanaume asiyekunywa ni mgonjwa, na kwamba mimi namnyang'anya mtoto wake franga zake. Nilimpikia, nikamsikiliza, sikubadilisha kitu. Mmoja wa shemeji aliniuliza kwa sheria gani mwanamke anaweka akiba kwa jina lake. Nikamjibu kwamba Kanuni ya Familia ya 1987 ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016, na tangu hapo mwanamke aliyeolewa haombi tena ruhusa ya mume ili afanye mambo yake mbele ya sheria. Hakujua. Na ninyi pia, mkutanoni nilipouliza, walioinua mkono walikuwa wachache.

Sasa nifike kwenye neno gumu. Aliyemuuzia Baba Watoto lutuku ni mmoja wetu. Anakaa nasi kila juma, anaweka akiba, jina lake siliandiki. Nilikwenda kwake nikiwa na hasira kama moto wa pipa lake. Nilimkuta anachuja, moshi machoni, mtoto mgongoni. Akaniambia, "Dada, shule ya msingi ni bure tangu 2019, lakini mimi nina wawili sekondari. Muhogo mbichi sokoni unanipa nini? Nikimkatalia mume wako, atanunua nyumba ya tatu." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Tulichokubaliana ni kidogo: hatamkopesha. Akija na franga mkononi, hilo ni lake. Kwa deni, hapana. Amelishika neno lake. Ninaomba kikundi kizungumze jambo hili bila kumnyooshea mtu kidole, na pia tuone kama mkopo wetu ujao unaweza kuwa wa kazi nyingine kwa anayetaka kutoka kwenye pipa.

Mtaniuliza kwa nini sikuondoka. Nilifikiri kuondoka, na nilikuwa nimeficha nauli ya kufika kwa dada yangu Uvira, bado imefichwa. Baba Watoto alikulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, ile iliyofunguliwa 1996 watu wetu walipovuka ziwa. Yaliyotokea kabla ya kuvuka hayasemi akiwa mzima. Akilewa huyasema, na watoto husikia. Sikumsamehe kwa sababu hiyo, lakini nilipoielewa niliacha kujiuliza ni nini mimi nilikosa. Nilijipa miezi sita. Mwezi wa sita nitakaa tena asubuhi moja na kujibu mwenyewe. Mama mwingine atajipa mwezi mmoja, mwingine ataondoka kesho, na asihukumiwe.

Tangu siku ile ya mwenye mtumbwi ni juma la saba. Alianguka mara moja, kwenye kilio cha rafiki yake. Alilala jikoni bila ugomvi. Asubuhi alikunja mkeka mwenyewe.

Jana jioni mwezi ulikuwa umeshapita nusu. Alikaa mlangoni akiutazama, kisha akasema mbalamwezi hii hataki kuwa pwani. Atapanda milimani kwa baba yake mdogo, amsaidie kulima mpaka giza lirudi. Nimemfungia unga, chumvi na ndagala wakavu. Ataondoka kesho mapema, kabla wenzake hawajaamka.